Njia Waliyolichimbia Gari Langu

Nililitafuta gari dogo kwa sababu moja tu: sikutaka kumwona mama yangu akishushwa tena mlimani juu ya machela. Mara ya mwisho aliposhushwa hivyo goti lake lilikuwa limevimba kama fenesi changa, na wanaume wa ukoo walimbeba kwa kupokezana hadi barabara ya Kiroka, wakiteleza na kutaniana ili asiogope, nami nikiwafuata nyuma na viatu vyake mkononi. Gari likapatikana. Kwa ajili ya gari hilo ndugu zangu wakachimba njia mpaka mlangoni kwake. Na njia hiyo, masika ya mwaka huu yalipoingia, ndiyo iliyoanza kuulegeza mlima juu ya paa la nyumba yake.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana kila hatua ilikuwa hatua ya wema, na ubaya haukujitokeza mpaka hatua zote zilipokwisha kupigwa.

Mume wangu alitaka gari refu. Yeye amezaliwa bondeni, kwenye nchi ya mpunga, na kwake gari ni chombo cha kupakia watu, magunia na heshima.

"Hilo unaloliota wewe ni kiberiti," aliniambia. "Kiberiti chenye magurudumu. Mkwe wangu atapandaje humo, tumkunje kama mkeka?"

"Mkwe wako ni mwembamba kuliko wewe. Anayehitaji kukunjwa humu ndani anajulikana."

Alicheka huku akijishika tumbo, lakini hakushawishika. Hakuwa ameipita njia ya kwetu kama nilivyoipita mimi. Nimeipanda kwa miguu tangu utotoni, na mwaka ule nilianza kuipanda kwa macho ya mtu anayepima. Niliona kwamba gari refu, likifika kwenye kona inayozunguka jiwe kubwa, lingelazimika kwenda mbele na kurudi nyuma tena na tena, na kila likirudi nyuma gurudumu moja lingekuwa linaning'inia juu ya bonde. Gari zito lingezama kwenye udongo wetu mwekundu ambao, ukilowa, hunata kama ugali na kuteleza kama sabuni. Nilihitaji kitu kifupi, chembamba na chepesi, chenye tumbo lililoinuka na fremu ya chuma isiyochezacheza; na kando ya gia kuwe na kile kijiti cha pili kinachoyaamuru magurudumu yote manne yavute, ambacho kikisukumwa zaidi huifanya hata injini ndogo itambae taratibu kwa nguvu ya ng'ombe wa kulimia.

Tulilipata Mikese, limeegeshwa kando ya barabara kuu pale malori yanaposimama na kina mama wanapouza mahindi ya kuchoma. Lilikuwa la kijani iliyopauka, milango miwili, kioo cha mbele kimesimama wima kama uso wa mtu anayesubiri kuulizwa swali. Mwenye nalo alikuwa bwana shamba mstaafu, na ilionekana wazi kwamba alilipenda kuliko alivyotaka tujue. Nilitandika kanga chini nikaingia uvunguni kulitazama.

"Mama, utachafuka," alisema yule mzee.

"Mwache," mume wangu akamjibu. "Hata mimi alinikagua hivyohivyo kabla ya kunikubali."

Nilikuwa natafuta kutu kwenye fremu, mafuta yanayovuja kwenye viungio, na tope la zamani katika pembe ambazo tope la kawaida halifiki, kwa sababu tope likifika huko maana yake gari limewahi kuzama mtoni. Sikuona. Nikatoka nikaomba nilijaribu kwenye kilima cha changarawe nyuma ya vibanda.

Kupanda kulikuwa raha ambayo sikuitarajia. Niliingiza kijiti cha pili, nikakaa gia ya kwanza, na gari likapanda bila haraka wala malalamiko, kama mwanamke wa kwetu mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Katika kushuka ndipo nilipojua nimekutana na nini. Changarawe zilianza kutiririka chini ya magurudumu, nikaogopa, nikakanyaga breki. Mkia wa gari ukaja pembeni. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kimya, kama mtu anayekupita gizani.

"Achia!" mzee alifoka kando yangu. "Achia breki, mama, unatupindua!"

Niliachia, likanyooka. Mzee akavua kofia akajipangusa uso, kisha akacheka kicheko kidogo ambacho hakikufika machoni. Nilielewa siku ile jambo ambalo limekaa nami tangu hapo: wepesi wa kugeuka niliokuwa nautafuta ndio huohuo hatari yake. Gari fupi hukata kona ambayo refu haliwezi, lakini likianza kugeuka kwa hiari yake halimpi mtu nafasi ya kufikiri. Nililichukua. Fundi mmoja wa Mafiga alilibadilishia klachi na matairi, akaniuliza kama ninahamia porini.

Kiangazi hicho nikalipandisha mlimani hadi pale njia ya magari inapoishia, kwenye uwanja ambapo akina mama huuza ndizi, nanasi na mdalasini. Kutoka hapo hadi nyumbani kwa mama ilikuwa njia ya miguu. Mjomba alinikuta ninalifunika kwa turubai.

Inafaa niseme mjomba ni nani kwetu. Sisi Waluguru ardhi yetu hufuata tumbo la mama. Ukoo, ambao wazee huuita lukolo, huhesabiwa kwa wanawake. Mwanamume huoa akahamia kwenye shamba la ukoo wa mkewe, lakini neno lake zito hubaki kwa dada zake na kwa watoto wa dada zake. Kwa hiyo aliyekuwa na amri juu ya nyumba ya mama yangu hakuwa marehemu baba, wala sikuwa mimi mwenye shahada. Alikuwa mjomba, mdogo wake mama, anayeishi ng'ambo ya kijito. Mimi mtoto ninaweza kumshauri mama yangu mpaka koo likauke, lakini kumwambia aondoke kwenye ardhi ya ukoo siwezi. Kinywa changu hakina umri huo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndilo hili?" Alilizunguka gari, mikono nyuma. "Mbona limekatwa mkia?"

"Ndivyo lilivyozaliwa."

"Linakula sana?"

"Kidogo tu."

"Afadhali. Maana kwa umbo hili nilidhani litataka na kitoweo." Akainua pembe ya turubai akachungulia ndani. "Sasa litalala hapa sokoni?"

"Njia si inaishia hapa, mjomba."

Alitazama juu mlimani, kuelekea nyumba ya dada yake, kwa muda mrefu kiasi kwamba nami niligeuka kutazama. "Gari la mtoto wa dada yangu," alisema hatimaye, "halilali sokoni kama punda aliyepotea."

Sikumwomba achimbe njia. Lakini siwezi kusema kwamba nilikataa. Nilifurahi, na kila mtu alifurahi. Aliitisha msaragambo. Ukoo mzima ulitoka na majembe, sururu na makarai, na hata wakwe waliooa kwetu walikuja kwa sababu gari lililonunuliwa na binti wa ukoo ni gari la ukoo. Wanawake walipika pilau kwenye masufuria ya misiba na harusi. Niliporudi tena, ubavu wa mlima ulikuwa umekatwa kama mtu anavyokata kipande cha boga kwa kisu kipya: ukingo mrefu wa udongo mwekundu upande wa juu, njia yenye upana wa gari langu na kiganja kimoja zaidi, kisha bonde. Njia ilipita juu ya nyumba ya mama, ikazunguka, ikaishia uwanjani kwake.

Ili ipite, walikuwa wameng'oa kichaka cha mianzi kilichokuwa kwenye tako la mlima nyuma ya nyumba. Mianzi hiyo niliikuta nilipozaliwa na mama aliikuta alipozaliwa. Na mfereji mdogo uliokuwa ukiteremsha maji kutoka chemchemi hadi bustani za mboga walikuwa wameukatiza, wakaupindisha, ukawa unaishia mahali fulani katikati ya migomba ambapo maji yalipotelea ardhini.

"Yanakwenda wapi?" nilimuuliza mjomba.

"Chini," alijibu. "Maji yakipotea huwa yamekwenda chini." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Nililipandisha gari mpaka mlangoni, vigelegele vikalia bonde zima. Mama alitoka na fimbo yake, akaligusa boneti akakuta ni la moto, akalipa pole ya safari kama anavyompa mgeni. Lakini kupanda alikataa.

"Siku nikiumwa nitapanda. Leo mzima, nipande nikaonekane nani?"

"Twende tu mpaka sokoni, mama, upungie watu mkono."

"Nimpungie nani mkono? Wote wako hapa wanakula pilau yangu."

Basi njia ikawa imechimbwa kwa ajili yake na yeye hajaipita. Aliendelea kushuka kwa njia ya zamani ya miguu, polepole, goti lake likiwa zuri kidogo siku hizi, na mimi nikaendelea kupandisha kwa gari sukari, sabuni na dawa zake, na kushusha ndizi. Nilijifunza kulijua gari langu mahali pale. Nilijifunza kupunguza upepo wa matairi njia ikilowa ili yaikumbatie ardhi, kushuka kwa gia ya kwanza miguu yote ikiwa imekaa sakafuni, kuyaegemeza magurudumu ya ndani kwenye mtaro kwa kuwa kuchubua mlango ni bora kuliko kuuamini ukingo wa nje. Nilijifunza pia kushuka na kutembea kabla ya kuendesha. Ni kwa kutembea huko ndipo nilipoanza kuona.

Vuli ilileta mambo madogo. Mpapai mmoja juu ya njia ulikuwa umeinama. Nilidhani ni upepo. Safari iliyofuata ulikuwa umeinama zaidi, na ule wa jirani yake umeanza kuufuata, kama watu wawili wanaosikiliza jambo chini. Mlango wa nyuma wa nyumba ya mama ulianza kugoma kufunga. Mama alisema mbao zimevimba kwa unyevu, akamwita mtu akauranda, ukafunga. Baada ya mvua nyingine ukagoma tena, sasa kwenye pembe nyingine.

Masika yakaja na mambo makubwa. Siku hiyo niliegesha gari chini, nikapanda kwa miguu katika ukungu uliokuwa umelala juu ya migomba. Chemchemi, ambayo maji yake huwa meupe kiasi cha kuona kokoto, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikapita juu ya njia, shambani, kuutafuta mfereji uliopotea. Sikuukuta. Nilikuta ufa. Ulikuwa umepinda kama mundu, ukianzia upande mmoja wa shamba na kuishia upande mwingine, ncha zake zote zikielekea chini, kwenye nyumba. Niliingiza mkono wangu ndani hadi begani na sikugusa chini. Kulikuwa na hewa baridi mle, na sauti ndogo ya maji yanayotembea mahali ambapo maji hayakupaswa kuwepo.

Nyumba ya mama ilikuwa chini yangu moja kwa moja. Niliona moshi ukipenya kwenye bati. Alikuwa anapika.

Nilimweleza yote tukiwa jikoni. Aliendelea kumenya ndizi.

"Mlima huu umekuwepo kabla ya Mluguru wa kwanza," alisema.

"Mlima utakuwepo, mama. Ni kipande hiki kitakachoondoka. Na kikiondoka kitapita hapa ulipokaa."

"Niende mjini nisemwe vibaya? Watu wametoa jasho lao, wameacha mashamba yao, wamenichimbia njia hadi mlangoni kama mke wa waziri. Halafu nishuke kwako Bigwa nikae kwenye kochi? Watasema njia yao imenifukuza."

"Watasema nini, mama, kama umekufa?"

Aliinua uso akanitazama, na nikajua nimevuka mpaka. "Wewe ni mtoto," alisema kwa upole. "Hilo halikuhusu."

Nilivuka kijito jioni hiyohiyo kabla jua halijazama. Mjomba alikuwa barazani kwa mkewe, anapukuchua maharage. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia kuhusu ufa. Alisema mlima umetulia tangu enzi za babu yake. Nikamwambia kuhusu chemchemi. Akasema masika hufanya hivyo. Nikamwambia kwamba mama hatanisikia mimi, na duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwambia ashuke.

Maganda ya maharage yalikuwa yanapasuka kati ya vidole vyake. Mkewe akaniletea uji, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. Nilielewa nilichokuwa nimemwomba. Nilikuwa nimemwomba asimame mbele ya dada yake na kutamka kwamba kazi aliyoiongoza, ambayo itatajwa kwa jina lake vizazi na vizazi, ndiyo inayomfukia.

Nililala kwa mama, yaani nilijilaza. Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, na mjomba akatokea kwenye ukungu amevaa kanzu na kofia, fimbo mkononi, kama anayekwenda kuposa.

"Dada," alisema akiwa bado uwanjani, "nimekuja na lalamiko."

"Karibu ukae kwanza. Lalamiko halikai wima."

"Sikai. Sisi tumechimba njia, tumeota sugu mikononi. Msimu umekatika, mwingine umeingia. Wewe hujaipita hata mara moja. Watu wananiuliza: dada yako anaidharau njia, au anatudharau sisi?"

Mama alibaki ameduwaa na mwiko mkononi. "Nani anasema hivyo?"

"Wanasema."

"Si nilisema nikiumwa nitapanda?"

"Kwa hiyo tuombe uumwe? Njia ya kuombea ugonjwa hiyo! Panda leo, ushuke mchana watu wakuone, ukakae kwa mwanao mpaka mvua zipungue, goti likatazamwe. Ukirudi, tutajua njia imekubaliwa."

Hakuutaja ufa. Hakunitazama. Mama aliupima uso wa mdogo wake kama anavyopima nazi kwa kuitikisa sikioni. Kisha akatawanya moto, akaumwagia maji, akaingia ndani kujifunga kanga.

Nilishuka chini kwa miguu nikalipandisha gari tupu. Nilipofika chini ya ufa nilisikia kitu ambacho sina uhakika nilikisikia: mlio mzito, mfupi, kama mtu anayeweka gunia chini chumba cha pili. Mama alikaa kando yangu, kifurushi kimoja mapajani. Mjomba alitangulia kwa miguu, kanzu ameipandisha kiunoni, akigongagonga njia kwa fimbo, na kila mahali palipoitikia kwa sauti ya utupu alinyoosha mkono kunielekeza nishikilie ndani.

"Mama, ukiogopa fumba macho."

"Usiongee na mimi," alijibu. "Ongea na gari."

Gia ya kwanza, kijiti cha pili kimesukumwa hadi mwisho, miguu sakafuni. Mlango wa kushoto ulisugua ukingo wa udongo mwekundu, na udongo ule ukaanguka vipandevipande kupitia dirishani juu ya kanga ya mama. Aliupangusa. Kwenye kona ya mwisho kabla ya soko ukingo wa nje uliondoka. Haukubomoka, ulilainika tu ukashuka, kama mkate uliochovywa kwenye chai, na nyuma yetu mkia wa gari ukaanza safari yake ya kimya kuelekea bondeni. Mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Niliuzuia. Nilikanyaga mafuta, kidogo tu, kinyume cha kila kitu mwili wangu ulichokuwa unataka, na magurudumu ya mbele yakavuta, na mkia ukafuata. Nilipoweza kutazama tena, mjomba alikuwa amesimama mbele yetu ameweka fimbo kifuani kwa mikono yote miwili.

Sokoni watu walipiga vigelegele. Mama akawapungia mkono.

"Twende wote, mjomba," nilimwambia pembeni.

"Niache na mke wangu," alisema. "Nendeni." Nikaamini anarudi ng'ambo ya kijito.

Mama akaanza kuishi nasi Bigwa. Goti lilitazamwa, likachomwa sindano. Mume wangu alimtania kila asubuhi kwamba sasa amekuwa mwanamke wa mjini na karibu ataomba kucha zipakwe rangi. Naye akamjibu kwamba kwanza amtafutie mume wa mjini, maana huyu aliyepo humu ndani ameshaolewa na kochi. Kulikuwa na kicheko nyumbani. Ndipo binamu yangu aliponipigia simu, katika mazungumzo ya mambo mengine kabisa, akasema kama jambo linalojulikana kwamba mjomba analala nyumbani kwa mama.

"Tangu lini?"

"Tangu mlivyoondoka. Nyumba ya ukoo itaachwaje bila mtu wa ukoo?"

Nilimwambia mama ninakwenda kupeleka dawa za minyoo za mbuzi. Gari halikufika mbali. Pale njia inapoanza kukata ubavu, njia yenyewe ilikuwa imeketi: kipande kizima kimeshuka kimo cha mtu, kikiwa na nyasi zake na alama za matairi yangu bado juu yake. Nikapiga honi. Baada ya muda mjomba alishuka kwa njia ya miguu, kanzu ina tope, mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Mpelekee dada." Aliweka mkungu nyuma ya gari, akaupanga vizuri usisuguane.

"Mjomba, unajua kilichoko juu ya nyumba ile."

"Najua." Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri. "Ulitaka dada yangu ashuke. Ameshuka. Mimi usinipangie, mpwa hampangii mjomba."

"Basi nani atakupangia?"

Alitabasamu kwa meno machache aliyobakiwa nayo. "Yuko mmoja. Na ukimwambia niko wapi, atapanda mwenyewe kwa mguu mbovu kuja kunitoa. Kwa hiyo hutamwambia." Akageuka akapanda, na ukungu ukamchukua kuanzia miguuni.

Sikumwambia. Nilishusha mkungu jikoni na kuanza kuzungumzia hali ya barabara. Lakini mama alikuwa ameinama juu ya ndizi, anazigeuza moja moja. Kuna aina ya ndizi fupi, nene, yenye wekundu shingoni, ambayo bibi yangu aliileta kutoka kwa wakwe zake. Kwetu kote inaota mahali pamoja tu.

"Hizi zinatoka juu ya njia," alisema. "Nani amekata?"

Niligeuka kutafuta kisu, na mgongo wangu ukamjibu. Alikaa kwenye kigoda. Nilitegemea aite fimbo yake, aite kifurushi chake. Badala yake alininyooshea mkono nimpe simu, nami nikampigia na kuweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja ni zito.

"Uko nyumbani kwangu," alisema bila salamu.

"Niko kwetu, dada."

"Uliniambia uongo uwanjani kwangu, umevaa kanzu."

"Nilikwambia upite njia. Umeipita."

"Shuka."

Tulisikia mvua kwenye bati la kule kabla haijafika kwenye bati letu.

"Nikishuka hivi hivi wataniona nimekimbia kazi yangu mwenyewe," alisema. "Niache niwaite watu Ijumaa, baada ya sala. Nitawaonyesha ufa. Nitawaambia kwa kinywa changu kwamba tulikosea mahali pa kuchimba, tusome dua, tuhamishe vyombo vyako mchana, wote pamoja. Hapo nitashuka bila aibu."

"Ijumaa," mama alirudia.

"Ijumaa, dada."

"Kalale kwa mkeo mpaka siku hiyo."

"Na nyumba?"

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Ningeweza kuona alichotaka kusema, na ningeweza kuona pia umri wote wa neno lile, nyumba, likipita usoni pake. Alinitazama mimi, akamtazama mume wangu mlangoni, kisha akaiambia simu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Iache ianguke."

Sikujua kama alisikika. Mawasiliano yalikuwa yamekatika, na tangu saa ile simu ya mjomba haipatikani. Binamu, aliye hapa mjini, anasema minara ya upande ule huzima kila mvua ikizidi. Leo ni Jumatano. Imenyesha tangu alfajiri, mvua ya taratibu isiyo na upepo, ile ambayo wakulima huisifu kwa kuwa yote huingia ardhini.